Walrus mezani: modeli ngumu na sababu za ugumu wake

Modeli za ndege za plastiki zina ugumu wa aina mbili, na anayezijenga hana budi kujua upi ni upi. Wa kwanza unatoka kiwandani. Fomu ya chuma inayomiminiwa plastiki imechakaa, vipande havikutani, kingo zina utando wa plastiki iliyovuja, bawa la kushoto ni nene kuliko la kulia. Ugumu huo unavumiliwa tu. Ukishausaga kwa msasa na kuujaza puti, hujajua lolote jipya kuhusu ndege yenyewe. Wa pili unatoka kwa mhandisi aliyeichora ndege halisi. Aliweka injini mahali pasipo pa kawaida, akashikilia mabawa kwa waya, akataka magurudumu yajifiche, na miaka mingi baadaye wewe uliyeinama mezani na kibano mkononi unahangaika na maamuzi yake moja baada ya jingine. Ugumu huo nauheshimu, maana kila unapokukwamisha una sababu, na ukiitafuta sababu hiyo unaipata.

Ndege iliyonionyesha jambo hili waziwazi kuliko zote ni Supermarine Walrus, katika skeli ya 1/48, yaani kila kipimo cha ndege halisi kimegawanywa kwa 48.

Kwa asiyeifahamu, ni ndege ya Uingereza yenye mabawa ya juu na chini. Mwili wake ni mashua kamili, yenye mkuku, omo na tezi, na bado inaweza kutua nchi kavu kwa magurudumu yake. Aliyeichora ni R. J. Mitchell, yuleyule aliyechora Spitfire, ndege mashuhuri ya kivita ya Uingereza. Iliruka mara ya kwanza Juni 1933 ikiitwa Seagull V, karibu miaka mitatu kabla ya Spitfire, ambayo iliruka Machi 1936. Ukiziweka ndege hizo mbili sambamba unashangaa. Moja ni nyembamba na laini kuanzia puani hadi mkiani. Nyingine ina nguzo, waya, maboya chini ya mabawa, na injini iliyotundikwa juu ikitazama nyuma. Wapo wanaosema Walrus ina sura mbaya. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Ilitakiwa irushwe kwa mtambo wa manati kutoka kwenye meli za kivita, itue baharini, inyanyuliwe kwa kreni, ikunjwe mabawa na kuhifadhiwa melini. Kila kilichochomoza kwenye ndege ile kina kazi yake, na mtu akishazijua kazi hizo, ataiona ni nzuri.

Nikiri pia kwamba ilikuwa na mambo ya kisasa kwa wakati wake. Seagull V ndiyo ndege ya kwanza ya Uingereza iliyoingia kikosini ikiwa na magurudumu makuu yanayojikunja kabisa, chumba cha wahudumu kilichofunikwa chote, na mwili wote wa chuma. Watu wakiona waya na nguzo wanadhani ni ndege ya Vita Kuu ya Kwanza. Sivyo.

Kutoka ncha ya bawa hadi ncha nyingine ilikuwa na mita 13.97, ambazo katika skeli ya 1/48 zinakuwa kama sentimita 29. Ukubwa huo unatosha kuonyesha kila undani, na kasoro pia haina pa kujificha.

Nilianza na mwili. Ni nusu mbili, ya kushoto na ya kulia, zinazokutana juu mgongoni na chini kwenye mkuku. Hapo kuna jambo la kuamua kabla ya kushika gundi: unajenga Walrus ipi? Zile zilizoundwa na kampuni ya Supermarine yenyewe zilikuwa na mwili wa aloi ya alumini, kwa kuwa uzoefu ulikuwa umeonyesha kwamba mbao huharibika upesi katika mazingira ya tropiki. Baadaye, wakati wa Vita Kuu ya Pili, kampuni ya Saunders-Roe iliunda nyingine nyingi za toleo la pili, na hizo zilikuwa na mwili wa mbao. Kwa hiyo seti yenye safu za ribiti ubavuni, yaani vichwa vya misumari inayounganisha mabati, ni ya toleo la chuma, na anayetaka ya mbao itambidi azisage zote. Mimi nilizitaka zile ribiti. Ndizo zinazoonyesha kwamba mashua ile iliundwa kwa mabati yaliyopigiliwa moja juu ya jingine, na rangi ikishakauka, mwanga wa taa ukipita ubavuni unaziona safu zote zikijipanga kufuata mbavu za ndani.

Shida ni kwamba ribiti na msasa haviendi pamoja. Gundi ya plastiki haishiki kama gundi ya karatasi. Inayeyusha polistirini ya pande zote mbili mpaka zinakuwa kitu kimoja. Ukizibana vizuri, kijiuzi cha plastiki laini kinajitokeza kwenye mstari wa maungio, na hicho ndicho unachotaka, maana kikikauka unakisaga na mstari unapotea. Ila unapokisaga, ribiti za jirani zinaondoka nazo. Nilizizungushia tepu ya karatasi pande zote mbili ili msasa usitoke nje ya njia, na zilizoliwa nikazirudisha kwa stika za maji, zile zinazoloweshwa kabla ya kubandikwa, zenye vitone vya resini. Vitone hivyo ni vidogo kiasi kwamba unavipanga kwa kuangalia kivuli chake, wala si chenyewe. Kazi hii ina utulivu wake. Mtu akiniuliza ni sehemu gani ya modeli hii ningeirudia kesho bila kuombwa, nitasema hii.

Halafu kuna kusubiri. Kiyeyushi kilichoingia kwenye plastiki hakitoki kwa saa moja wala kwa usiku mmoja. Ukisaga mapema, uso unaonekana umenyooka, unapaka rangi, na baada ya muda plastiki iliyokuwa bado laini inanywea na ule mstari unarudi chini ya rangi, mwembamba na ulionyooka. Puti nayo ina tabia hiyohiyo. Niliuweka mwili pembeni nikafanya mambo mengine, na ningemshauri kila mtu afanye hivyo.

Chini ya tumbo la mashua kuna kidato, pale ambapo sehemu ya mbele inakatika ghafla kabla ya sehemu ya nyuma kuanza. Usikilainishe. Maji hulishika tumbo la mashua inayokwenda kasi, yakainyima nafasi ya kunyanyuka. Kidato kinaukata mshiko huo ili ndege iweze kuachana na bahari. Kazi hiyo inategemea ukingo mkali. Msasa ukipita mara mbili tatu bila uangalifu, ukingo unakuwa mviringo, na aliyeona ndege za majini atalijua kosa hilo kwa kutazama mara moja. Nilikisaga kwa msasa uliobandikwa kwenye kipande bapa cha mbao, nikielekea upande mmoja tu, kutoka kwenye ukingo kwenda mbali nao.

Chumba cha marubani hakikunichukulia muda mrefu, ingawa kina jambo moja ninalolipenda sana. Walrus ilikuwa na nafasi ya marubani wawili, lakini mkono wa usukani haukufungwa moja kwa moja. Ulichomekwa kwenye tundu sakafuni, na kulikuwa na tundu mbele ya kila kiti. Ilizoeleka kuruka na mkono mmoja tu: rubani akitaka kumwachia mwenzake, anauchomoa na kumkabidhi, hewani hukohuko. Basi nikauweka mkono mmoja kushoto, na mbele ya kiti cha kulia nikatoboa tundu dogo nikaliacha tupu. Kiti hicho cha kulia chenyewe kilikuwa cha kukunja, ili mtu apite kwa kutambaa kwenda kwenye bunduki ya puani. Madirisha ya Walrus ni makubwa, na ukiinama na tochi unaliona tundu lile. Kwangu inatosha.

Sasa injini. Hapa ndipo Walrus inapoachana na ndege nyingine zote nilizowahi kujenga.

Ilitumia Bristol Pegasus, yenye silinda 9 zilizopangwa duara, ikiwa nyuma ya ganda refu lililosimama kwenye nguzo kati ya bawa la chini na la juu, na pangaboi lake la mbao lenye mapanga manne likisukuma kutoka nyuma badala ya kuvuta kutoka mbele. Mitchell alikuwa na sababu zake. Huko juu na nyuma, pangaboi liko mbali na maji yanayoruka ndege inapokimbia juu ya bahari. Kelele zinapungua kwa waliomo ndani. Na mhudumu anayesimama kwenye sitaha ya mbele kushika kamba ya boya la kufungia hayuko karibu na panga linalozunguka. Kwa mjenzi wa modeli, sababu zote hizo zinageuka kuwa jambo moja: ganda zito kiasi, linaloshikiliwa na nguzo nne chini na nne fupi juu, na nguzo zote nane lazima zikubaliane.

Halafu kuna digrii 3.

Upepo unaosukumwa na pangaboi hauendi moja kwa moja. Unajizungusha, na ukifika kwenye mkia unausukuma zaidi upande mmoja, ndege inataka kugeuka yenyewe. Dawa yake kwenye Walrus ilikuwa kuigeuza injini nzima digrii 3 kuelekea kulia. Kwenye kipande chenye urefu wa sentimita 5, digrii 3 zinasogeza ncha kwa milimita 2.6 hivi. Ni kidogo, lakini jicho linaziona. Ukiitazama modeli kutoka juu, mstari wa mwili unakwenda huku na mstari wa ganda unakwenda kidogo kule, na kila kilichomo ndani yako kinakuambia kwamba nguzo zimekaa vibaya na gundi bado haijakauka, kwa hiyo sukuma. Usisukume. Nilipima upya kutoka ncha za ganda hadi kingo za bawa la chini, pande zote mbili, nikahakikisha tofauti ni ile inayotakiwa na iko upande unaotakiwa, nikaiacha. Nimewahi kuona Walrus zilizojengwa kwa ustadi mkubwa zikiwa na injini iliyonyooshwa kabisa, na kila mara nasikitika, kwa sababu aliyeinyoosha aliona kitu cha kweli akadhani ni kosa lake.

Rangi ilinibidi niimalize karibu yote kabla ya kufunga bawa la juu, kwa kuwa baadaye bunduki ya kupulizia haiwezi kuingia kati ya mabawa bila kugusa nguzo. Tena kwenye rangi nako kuna akili ya mtu. Ndege za jeshi la majini la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili zilipakwa juu kwa rangi mbili: kijivu cha bahari kilichokolea sana, na kijivu chenye ukijani. Lakini kwa ndege za mabawa mawili, bawa la chini liko kwenye kivuli cha lile la juu. Likipakwa rangi zilezile, litaonekana jeusi zaidi na umbo la ndege litajitokeza. Kwa hiyo upande wa juu wa bawa la chini ulipewa rangi nyepesi za jamii ileile, ili kivuli kikishauangukia, ndege yote ionekane sawa kwa anayeitazama kutoka juu. Mjenzi anajikuta na rangi nne za juu badala ya mbili, mbali na ile ya tumbo.

Nilichanganya rangi kwa kupima tofauti na wala si kwa kufuata kikopo. Kwenye skeli ndogo rangi inapaswa kupunguzwa ukali kidogo, kwani ndege halisi huitazami kwa karibu kama modeli, na hewa iliyo katikati hufifisha kila kitu. Tone la nyeupe au la kijivu chepesi linatosha. Rangi niliizimua mpaka ikawa nyepesi kama maziwa, kompresa nikaiweka kwenye paundi 15 hivi kwa inchi ya mraba, nikapita mara nyingi kwa tabaka jembamba. Kabla ya hapo ilikuwa praima ya kijivu mwili mzima. Praima haitangulizwi kwa ajili ya kushika rangi tu. Ndiyo inayokuonyesha mkwaruzo na shimo ambalo plastiki tupu ililificha.

Neno moja kuhusu kitambaa. Mabawa ya Walrus yalikuwa na boriti za chuma cha pua na mbavu za mbao, yakafunikwa kitambaa. Watengenezaji wengi wa modeli hupenda kuonyesha hilo kwa kukibonyeza kitambaa kati ya mbavu kama kilicholegea. Fanya hesabu: bonde la nusu milimita kwenye 1/48 ni milimita 24 kwenye ndege halisi. Kitambaa cha ndege kilipakwa dawa ya kukikaza mpaka kikawa kimevutika kabisa, na rubani asingekubali kupanda ndege yenye mabonde ya namna hiyo. Nilizisaga mbavu mpaka zikabaki dalili tu. Ukipaka rangi na kuitazama kwa mwanga wa ubavuni zinaonekana. Kwa mwanga wa juu hazionekani, na ndivyo inavyotakiwa.

Nije kwenye waya, maana ndizo zinazowafanya watu wengi waliache boksi la ndege kama hii kabatini miaka nenda rudi.

Kabla ya kutoboa tundu hata moja nilikaa na picha. Zipo Walrus na Seagull zilizosalia kwenye makumbusho: Hendon na Yeovilton huko Uingereza, na Point Cook huko Australia, na picha zake ni nyingi. Mchoro wa kwenye boksi unakuonyesha waya unaanzia wapi na kuishia wapi. Picha inakuonyesha kwa nini. Mabawa mawili pamoja na nguzo zake ni masanduku yaliyopangwa mstari mmoja, na sanduku lisilo na mshazari hulala likisukumwa. Ndege inapokuwa hewani, mabawa yanataka kupanda juu. Waya zinazoanzia chini karibu na mwili na kwenda juu upande wa nje ndizo zinazoyazuia. Inapokaa chini, uzito wa mabawa unataka kuyashusha, na sasa ni zamu ya waya za mshazari wa pili, zinazoanzia juu karibu na katikati na kushuka kuelekea nje. Nyingine zinakwenda kati ya nguzo ya mbele na ya nyuma, ili bawa lisijipinde. Ukishaelewa hivyo huhitaji tena kukariri mchoro. Unaangalia kona, unajiuliza ni nguvu ipi inaivuta, na unajua waya wake unakwenda wapi.

Unene wake ndio mtihani. Waya wa milimita 6 kwenye ndege halisi unatakiwa uwe milimita 0.125 kwenye modeli. Na waya za Waingereza hazikuwa za mviringo. Zilikuwa bapa, zimekaa kwa ukingo ili zikate hewa. Uzi wa nailoni wa kuvulia samaki unapatikana kwa unene mzuri na unanyooka ukisogezewa kitu cha moto, lakini ni wa mviringo, na ukiuvuta kupita kiasi unaweza kulipinda bawa la plastiki. Nilitumia uzi mwembamba wa mpira wa jamii ya Lycra, ule bapa. Haubebi mzigo wowote, kwa hiyo mabawa lazima yashikwe na nguzo peke yake, lakini ukiguswa kwa bahati mbaya unarudi mahali pake.

Utaratibu wangu ulikuwa huu. Matundu yote, ya juu na ya chini, yalitobolewa kwa keekee ya mkono ya milimita 0.3 wakati mabawa bado yametengana na hayajapakwa rangi. Sehemu ya chini ya bawa la juu matundu hayapiti hadi upande wa pili. Kwenye bawa la chini yanapita. Mabawa yalipokuwa tayari nilisimamisha mwili kwenye fremu ya kadibodi ngumu iliyokatwa kwa pembe mraba, bawa la chini likiwa limelazwa sawasawa, kisha nikalishusha bawa la juu juu ya nguzo zote kwa pamoja. Gundi hapa iwe ya polepole, inayokupa dakika kadhaa za kusogeza. Nilisogeza nguzo moja moja kwa ncha ya kibano mpaka kila mguu ukaingia kwenye kishimo chake, nikapima kutoka ncha ya bawa la juu hadi ncha ya mkia kushoto, nikapima kulia, nikarekebisha, nikapima tena. Vipimo vilipolingana ndipo nikagusa kila kiungo kwa gundi nyepesi inayojivuta yenyewe ndani ya ufa, nikatoka chumbani.

Uzi unaanzia juu. Unautia ncha kwenye tundu la bawa la juu, unachukua tone la supaglu kwa ncha ya sindano, tone dogo kuliko unavyodhani linahitajika, unaligusisha. Likishika, unaupitisha uzi kwenye tundu la chini, unauvuta mpaka unyooke na nusu ya hapo zaidi, unaushikilia. Sekunde chache hizo mkono ukiwa hewani ndizo kazi yenyewe. Kisha tone jingine upande wa chini ya bawa, unasubiri, unakata kwa wembe mpya. Nilianza katikati kwenda nje, nikipishanisha kushoto na kulia, na waya za ndani kabla ya za nje, la sivyo unajizibia njia ya kibano. Uzi bapa una jambo moja la ziada: ukijisokota hata nusu duara, mwanga unaionyesha ile sehemu iliyosokotwa, kwa hiyo kabla ya tone la pili nilimulika kila mmoja kwa taa ya ubavuni. Mwishoni matundu ya chini ya bawa yalizibwa kwa puti kidogo na kupakwa rangi kwa brashi.

Waya za mwisho zilipokaa, modeli ilibadilika. Kwa macho ya kawaida tu, kabla ya hapo ilikuwa mabawa mawili yaliyoshikizwa kwa vijiti. Sasa ni kitu kimoja kilichofungamana. Hapo ndipo unapoelewa kwamba waya hazikuongezwa kwenye ndege ile. Ndizo zilizoiwezesha iwe nyepesi namna ile.

Madirisha nayapitia haraka: yanabandikwa kwa gundi nyeupe ya mbao, maana mvuke wa supaglu unaacha ukungu mweupe kwenye kioo na hautoki kirahisi. Stika za alama zinawekwa juu ya vanishi ya kung'aa, ili hewa isinaswe chini yake na kuacha mng'ao wa fedha, halafu vanishi isiyong'aa inafunika yote.

Kuhusu kuchakaza rangi, nina msimamo. Watu hupaka uchafu mahali popote kwa sababu unapendeza. Walrus ilifanya kazi inayojulikana, basi uchakavu wake utoke kwenye kazi hiyo. Wakati wa vita ilitumika sana kuokoa wanahewa walioanguka baharini. Ilitua karibu nao, ikawapandisha, na bahari ikiwa mbaya au mzigo ukizidi isiweze kuruka, rubani aliiendesha juu ya maji kama boti kuelekea nyumbani. Ndege iliyofanya hivyo ina chumvi kwenye mstari wa maji na nyuma ya kidato. Ina rangi iliyokwanguka kwenye sitaha ya mbele ambapo watu wanasimama na kamba, na kwenye maboya ya mabawa. Ina moshi na mafuta nyuma ya injini, kuelekea mkiani. Sehemu ya juu ya bawa la juu, ambako mtu hakanyagi mara kwa mara, niliiacha ikiwa imefifishwa na jua tu. Chumvi niliipaka kwa rangi ya mafuta nyeupe-kijivu iliyozimuliwa sana, nikaivuta chini kwa brashi kavu, kufuata maji yanavyotiririka mashua ikinyanyuliwa kwa kreni.

Anayetaka kuijenga hii, na hajawahi kujenga ndege ya mabawa zaidi ya moja, nisingependa aanze nayo. Aanze na Fokker Dr.I, ndege ya Ujerumani ya Vita Kuu ya Kwanza. Ina mabawa matatu, anayeitazama anadhani ni ngumu mara tatu, kumbe waya kati ya mabawa yake karibu hakuna, kwa kuwa boriti za ndani zilikuwa na nguvu ya kujitosheleza na nguzo za nje ziliwekwa kuzuia mabawa yasitetemeke. Ataujua ufundi wa kulinganisha mabawa bila kuhangaika na uzi. Kisha achukue ndege ndogo yenye waya chache, ajifunze tone la gundi na mkono uliotulia. Akifika kwenye Walrus, atenge meza ambayo hatalazimika kuihama, na picha za ile ya Hendon azibandike ukutani kabla ya kukata kipande cha kwanza kutoka kwenye fremu ya plastiki inayokishikilia.